Ubao wa Nyuma

Saa nane mchana Inspekta Sietse Wiarda alivua viatu, akapanda na soksi zake juu ya kiti cha mwenyekiti, akaishika fremu kwa mikono miwili. Chini yake alisimama Wakili Lodewijk Hasebroek, katibu wa wadhamini, ambaye alikitazama kile kiti kwa uchungu zaidi kuliko alivyoitazama picha.

"Kiti hicho kina miaka mia mbili na themanini," alisema.

"Basi kimekwisha kubeba wazito kuliko mimi."

Ua wa Weldam, hapo Haarlem, una nyumba ndogo kumi na mbili za matofali zinazoizunguka bustani moja, na wajane wasio na mtu huishi humo bure mpaka wafe. Chumba cha wadhamini ndicho chumba pekee chenye dari ndefu. Wadhamini watano hukutana humo Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, huku wadhamini kumi na saba waliokufa zamani wakiwatazama kutoka ukutani, kila mmoja na jina lake kwa dhahabu. Picha aliyoishika Wiarda ilikuwa ndogo kuliko zote mle ndani, na kwa thamani ilizishinda zote.

Au tuseme ilikuwa imezishinda. Jana, Jumatano tarehe ishirini na mbili Novemba, mtaalamu mmoja alikuja kutoka Leiden kuiona. Aliinama na lenzi yake, kisha akaomba mahali pa kukaa. Ile haikuwa chapa ya bamba la shaba, alisema. Ilikuwa fotografia, imepigwa chapa juu ya karatasi kuukuu iliyochanwa nyuma ya kitabu cha kanisa. Ya kweli ilikuwa imekwenda zake.

Funguo za chumba kile zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao Hasebroek, na wa pili Bi Aaltje Kuipers wa nyumba namba saba, mwangalizi wa ua. Leo saa kumi wadhamini wangepiga kura ya kumtoa, awe ameshafungasha kabla ya Jumapili. Alikuwa na miaka sabini na mmoja na hakuwa na ndugu hata wa kumwandikia kadi ya Krismasi.

"Nieleze picha yenyewe," Wiarda alisema, akiwa bado kitini. "Mimi mtu wa Frisia. Kwetu tunatundika kalenda."

Hasebroek alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Mchoraji ni Gerbrand Loosman, mwaka 1668. Mwanamke mzee amekalia kasha lililofungwa. Ufunguo uko shingoni. Mshumaa umebaki kipande, mbwa amelala miguuni pake, yeye yuko macho. Ni fumbo, Inspekta. Mwanamke ni Uchoyo. Kizee kimekalia mali wala hakilali. Kila kitabu kinasema hivyo."

"Na adimu kwa nini?"

"Kwa sababu ya misumari." Hapa sauti ya wakili ilichangamka, alikuwa mtu wa kupenda kujua. "Loosman alichapa karatasi kumi na mbili tu, moja kwa kila nyumba ya ua huu. Na kila akishachapa moja, alilirudisha bamba kwenye tindikali akaongeza msumari mmoja kwenye kasha. Chapa ya kwanza ina msumari mmoja, ya pili miwili, hivyo hivyo mpaka kumi na mbili. Hakuna mbili zinazofanana duniani. Halafu bamba likayeyushwa. Leo zinajulikana tatu: ya tisa na ya kumi na moja ziko makumbusho, na hii yetu, ya tano."

"Kwa hiyo aliyeiba hawezi kudai kwamba ni nyingine aliyoiokota kwingine. Misumari mitano ni ya Weldam."

Hasebroek alikawia kidogo. "Hawezi," alisema. "Ila bibi kama yule atajuaje hayo? Atakuwa amempa mchuuzi yeyote wa mtaani."

"Tukumbushane barua."

Wakili aliitoa kwa mara ya pili siku hiyo. Ilipigwa taipu kwa unadhifu na kutiwa saini mbili, yake na ya Pim Sluijter, muuza chapa za kale karibu na kanisa kuu. Jumamosi tarehe kumi na nane, saa nne asubuhi, mbele ya katibu, Sluijter alikuwa ameikagua picha ikiwa mahali pake ukutani kwa ajili ya bima. Ni ya kweli. Ina misumari mitano.

"Saa tano nikampelekea mwenyekiti ufunguo wangu," Hasebroek alisema. "Saa sita nikapanda treni ya Brussels. Nimerudi jana. Jumamosi asubuhi ilikuwepo, Jumatano haipo, na katikati, ukimtoa mwenyekiti, ufunguo ulikuwa mmoja. Hesabu hiyo hata mtoto anaitoa."

Hesabu ilitoka vizuri mno, na Wiarda hakupenda hesabu zinazotoka vizuri kabla ya yeye kushika kalamu. Aliinua fremu kutoka kwenye msumari wake, akashuka nayo, akaigeuza juu ya meza.

Ubao wa nyuma ulikuwa mpya, mweupe, umekatwa kwa usahihi wa kuonea fahari. Skrubu nane za shaba ziliushika, na mifereji ya vichwa vyake yote ilikuwa imesimama wima, sambamba. Katika maisha yake Wiarda alikuwa amekaza skrubu nyingi, na kila moja ilisimama ilipotaka. Lakini si skrubu zilizomnyamazisha Hasebroek. Ubao mzima, toka juu hadi chini, ulikuwa umeandikwa kwa penseli.

Yalikuwa majina na miaka. La kwanza lilikuwa Maritgen Jans, 1671. La mwisho, Neeltje Bruin, 17 Novemba 1961. Wiarda alihesabu majina hamsini na saba, na kati ya la kumi na tisa na la ishirini palikuwa na mstari mtupu, kana kwamba mwandishi alimwekea mtu nafasi.

"Penseli moja," alisema polepole. "Mkono mmoja. Toka 1671 mpaka Ijumaa iliyopita."

Hasebroek alikuwa amebadilika rangi. Wiarda alimtazama usoni akaona mshangao wa kweli, kisha akaona kitu kingine kikija juu yake. Ilikuwa raha.

"Ameandika kwenye mali ya wadhamini," wakili alisema. "Basi ameishusha, ameishika, ameifungua. Unataka nini zaidi, Inspekta? Hata saa kumi ni mbali."

"Wewe hukuwahi kuuona mgongo wake?"

"Mimi nikae nasoma migongo ya picha?"

Wiarda alivaa viatu vyake.

---

Bi Aaltje Kuipers alimkaribisha jikoni, kwa sababu nyumba namba saba haikuwa na pengine pa kumkaribisha mtu. Alimimina kahawa, akafungua kopo, akampa biskuti moja, akalifunga kopo kwa kofi.

"Hata polisi anapewa biskuti moja tu?" Wiarda aliuliza.

"Hata angekuja malkia. Kunywa, itapoa."

Alikuwa bibi mrefu, mkavu, na macho yake yalikuwa mekundu. Ng'ambo ya bustani pazia la nyumba namba mbili lilisogea.

"Huyo Hillegonda Stam," Bi Aaltje alisema bila kugeuka. "Atakaa hapo mpaka utoke. Asipojua mtu amekuja kwangu kufanya nini, chakula hakimshuki."

"Bi Aaltje, nimeugeuza mgongo wa picha."

Kikombe chake kiligonga sahani.

"Majina hamsini na saba, na mwandiko ni wako, nimeuona kwenye daftari la ua. Wakili anasema ndio ushahidi kwamba wewe ndiye uliyeifungua fremu. Nina saa moja na dakika arobaini. Ukinyamaza, Jumapili utakuwa barabarani, na mimi sitaweza kukusaidia."

"Nikisema pia nitakuwa barabarani. Tofauti ni kwamba sitakuwa peke yangu."

"Nani mwingine?"

"Kula biskuti yako."

Aliila. Alikuwa amewahoji wezi, wanandoa na mchungaji mmoja, na alijua kuna kimya cha mtu anayetunga uongo na kimya cha mtu anayepima mzigo. Akangoja. Hatimaye Bi Aaltje alivua miwani, akaifuta kwa aproni.

"Mwenzetu akifa," alisema, "picha inageuzwa. Inatazama ukuta mpaka tumzike. Kioo kinafunikwa, saa inasimamishwa, na sisi tunakaa mle ndani na mgongo wa picha. Imekuwa hivyo toka alipokufa wa kwanza."

"Kwa nini mgongo?"

"Umewaona wale kumi na saba na dhahabu yao? Wao wana uso wa ukuta. Sisi tuna nyuma. Mwenzetu asiye na mtu wa kumsimamishia jiwe kaburini, jina lake linaandikwa pale kwenye ubao. Mwaloni mkuukuu, umetobolewa na wadudu, kila jina na mwandiko wake. Mimi kila Ijumaa nikifuta vumbi naushusha, nayasoma yote kwa sauti. Miaka kumi na tisa."

"Lakini ubao niliouona ni mpya."

"Ndiyo." Alilisogeza kopo pembeni. "Ijumaa sikufuta vumbi, nilikuwa kitandani kwa Neeltje, na amekata roho saa kumi na moja jioni. Nikaenda kuigeuza. Nageuza, naona ubao mweupe kama sahani. Hakuna hata jina moja. Nilijua wadhamini wameubadilisha, maana nani mwingine? Wameuona mbovu, wameutupa. Na siwezi kuuliza, kwa sababu hatukupaswa kuandika, na hatukupaswa kukaa."

"Nani amekataza?"

"Kanuni ya kumi na nne. Mkazi haingii chumba cha wadhamini ila kwa kusafisha. Akionekana amekaa, anatolewa." Alirudisha miwani. "Basi nikayaandika upya. Kwa kichwa. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nimepata hamsini na sita na Neeltje. Kulikuwa na mmoja baada ya Trijntje Pouwels. Namwona alivyokaa kwenye mstari wake, jina limelala upande kama aliyeandika alikuwa na baridi mkononi. Jina lenyewe halinijii. Nimempoteza, na alikuwa hana pengine popote."

Akalia, waziwazi, mikono imelala mezani. Wiarda aliona haya kuwa na kalamu mkononi, akaiweka chini.

"Kwa hiyo ubao ulibadilishwa kabla ya Ijumaa jioni," alisema alipoona ametulia. "Na Jumamosi saa nne asubuhi picha ilikuwa inatazama wapi?"

"Ukuta. Imegeuka uso Jumanne jioni, tulipotoka makaburini."

"Jumamosi saa nne chumbani alikuwepo mtu?"

"Nilikuwepo mimi."

"Na nani?"

"Nilikuwepo mimi," Bi Aaltje alirudia. "Andika hivyo hivyo. Ukitaka la zaidi, kopo limeshafungwa."

Wiarda aliandika. Neno la mshtakiwa peke yake dhidi ya saini mbili lisingefika hata mlangoni kwa mwenyekiti, na wote wawili walilijua hilo. Aliposimama aliuliza jambo lililomkaa moyoni zaidi kuliko daftarini.

"Wakili anasema yule mwanamke ni Uchoyo."

"Wakili haangalii." Bi Aaltje alishusha pumzi. "Kwenye tundu la ufunguo la lile kasha pana utando wa buibui. Mdogo, mstari mwembamba kama unywele. Mwaka mzima wa kwanza niliusugua nikidhani ni uchafu wa kioo, mpaka nikapata miwani. Ufunguo anao, kasha hajawahi kulifungua. Mchoyo gani haangalii mali yake? Si lake lile. Amewekewa. Anamngoja mwenyewe arudi."

Wiarda aliinamisha kichwa mlangoni, maana mlango wa namba saba haukujengwa kwa watu warefu wa Frisia.

"Uliwahi kutoka wiki ile kabla ya Ijumaa?"

"Alhamisi asubuhi. Daktari wa macho."

---

Duka la Pim Sluijter lilikuwa safi kiasi kwamba mteja aliona aibu kwa viatu vyake. Kulikuwa na kabati la mwaloni lenye droo pana na bapa za kuwekea karatasi kubwa, na nyuma yake meza ya fundi, patasi zimepangwa kwa ukubwa. Sluijter mwenyewe alikuwa mwembamba, mwenye aproni ya kijani na mikono ya daktari. Ilikuwa saa tisa na dakika tano. Wiarda alimwacha polisi wake, Bakema, barabarani na baiskeli mbili.

"Umekuja kuhusu ile karatasi," Sluijter alisema kwa huzuni ya heshima. "Nimesikia. Sikulala."

"Nimekuja kuhusu mbao."

"Mbao?"

"Mke wangu ana chapa ya babu yake. Kuukuu. Nyuma ina ubao wa mwaloni uliotobolewa. Niuache?"

Sluijter alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za ugonjwa. "Usiuache hata siku moja. Wadudu wakimaliza mbao wanaingia kwenye karatasi. Weka ubao mpya, mkavu."

"Nimeona watu wanarudishia ule ule wa zamani."

"Watu wavivu. Fundi mwenye adabu hawezi kufunga kazi na ubao mbovu. Mkono utakataa."

"Na skrubu za chuma?"

"Shaba. Chuma kinashika kutu."

"Za shaba," Wiarda alisema, akiandika. Aliinua macho, akatazama bawaba za lile kabati, moja baada ya nyingine, bila haraka. "Na mifereji yake yote isimame wima."

Sluijter aligeuka kutazama kule alikotazama inspekta. Kwenye kabati, kwenye rafu, kwenye kishikio cha mlango, kila kichwa cha skrubu kilikuwa kimesimama kama askari kwenye gwaride. Tabasamu lilibaki usoni mwake lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka ndani yake.

"Chapa ya Weldam," Wiarda alisema. "Uliifungua lini mara ya mwisho?"

"Sijawahi kuifungua. Nimeitazama tu, Jumamosi, kama nilivyoandika."

"Ikiwa mahali pake, imekutazama?"

"Ingekaa vipi tena?"

"Sawa. Nionyeshe ubao wake wa zamani."

"Bwana Inspekta, sielewi unachosema."

"Unaelewa. Uliifungua ukakuta mwaloni wa miaka karibu mia tatu umejaa matundu. Ungerudishia ule ule, mimi nisingekuwa hapa. Ila mkono wako ulikataa. Na mkono huo huo usingeweza kuutupa mwaloni kama ule jikoni. Sasa, utanionyesha, au nimwite Bakema na buti zake?"

Chini ya meza mbao za kale zilikuwa zimesimamishwa kwa upana, kila moja na kikaratasi kimefungwa kwa uzi. Wiarda alipiga magoti. Ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa kahawa ya Bi Aaltje. Kikaratasi kilisema, kwa mwandiko wa kupendeza: *mwaloni, karne ya kumi na saba, umechafuliwa kwa maandishi, wa kusugua.* Kazi ya kusugua ilikuwa imeshaanza. Sehemu ya juu, upana wa vidole vinne, ilikuwa imelainishwa na msasa mpaka ikang'aa. Chini yake yalifuata majina, kwa penseli, kwa wino, kwa ncha ya msumari, kila moja na mwandiko wake.

Alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni, na hakuishusha.

"Haya uliyaita uchafu."

Sluijter hakumtazama. Alikuwa anaitazama droo ya tatu ya kabati, na alipojigundua alikuwa ameshachelewa. Wiarda aliivuta. Juu ya karatasi nyeupe alilala yule mwanamke wa kale na kasha lake, macho wazi.

"Hesabu misumari," Sluijter alisema haraka. "Sita. Hiyo ni ya sita, si ya tano. Nimeinunua kwa familia moja ya Zwolle. Haihusiani kabisa."

Ilikuwa sita. Dunia nzima ilijua tatu, na huyu alikuwa ametengeneza ya nne. Wiarda aliichukua taa ya mezani, akailaza ubavu, mwanga ukapita juu ya karatasi kama jua la asubuhi juu ya shamba lililolimwa. Wino wa bamba la shaba hausambai kwenye karatasi. Husimama juu yake, kidole huuhisi. Ufunguo ulisimama, na utando wa buibui, mwembamba kama unywele. Misumari mitano ilisimama, kila mmoja na kivuli chake kidogo. Wa sita ulilala bapa.

"Kalamu nzuri," Wiarda alisema. "Ya mkono wenye adabu."

Sluijter alikaa juu ya stuli yake. Alivua aproni, akaikunja mara nne kabla ya kuzungumza.

"Alhamisi, yule mwangalizi alipokwenda kwa daktari," alisema. "Mlango alinifungulia katibu. Barua aliipiga yeye. Mimi Jumamosi sikukanyaga kule, wala yeye. Alisema picha iko bure pale, inatazamwa na vikongwe wasiojua kitu, na kuna mtu Boston anayejua."

"Utayasema hayo mbele yake?"

Saa ya kanisa kuu iligonga tisa na nusu.

---

Hasebroek alikuwa ameshasoma azimio alipoingia Wiarda, na kalamu ilikuwa mkononi mwa mwenyekiti, Bwana Oosterling, mzee mnene aliyechukia vurugu kuliko dhambi. Bi Aaltje alikuwa amesimama karibu na mlango kwa sababu hakuna aliyempa kiti. Ameshavaa koti.

"Dakika tano, Bwana Mwenyekiti."

"Tatu."

Wiarda alimgeukia katibu. "Jumamosi saa nne, Bwana Hasebroek, ulisimama wapi?"

"Hapo ulipo wewe."

"Uliona nini?"

"Hayo nimeshayasema. Niliona kilichopo. Uso wa mwanamke, kasha, misumari mitano. Sluijter alikuwa mkono wangu wa kulia. Chumba kilikuwa kitupu."

"Kitupu kabisa?"

"Hata paka hakuwepo."

"Bi Aaltje," Wiarda alisema, "wewe ulikuwa wapi saa hiyo?"

"Hapa. Peke yangu. Na picha ilitazama ukuta, kwa sababu Neeltje alikuwa hajazikwa."

Hasebroek alicheka kwa sauti ndogo. "Neno la mtu anayetaka kubaki na nyumba."

"Peke yako?" ilisema sauti mlangoni. "Aaltje, na mimi nilikuwa nini, stuli?"

Bi Hillegonda Stam wa namba mbili alikuwa mfupi kama pipa na alivaa nguo nyeusi za matanga. Aliingia bila kugonga, akanyoosha kidole kwenye kiti cha katibu.

"Hicho nilikikalia mimi. Toka saa tatu mpaka kengele ya adhuhuri. Kina msumari unaochoma paja la kushoto. Mwanaume hakuingia humu hata mmoja, na picha tuliigeuzia ukuta kwa mikono yetu."

"Mlikuwa mmekaa?" Bwana Oosterling alikuwa ameduwaa. "Humu? Bibi, kanuni ya kumi na—"

"Na nne. Naijua kuliko wewe. Tulikuwa saba, na kahawa tulikuja nayo wenyewe." Alimgeukia Bwana Oosterling. "Kama ni kumtoa, basi toeni nyumba saba. Mtapata kazi ya kufagia."

Nyuma yake, kwenye njia ya bustani, kofia nyeusi zilikuwa zimesimama kwenye manyunyu, na hakuna iliyoondoka.

Wiarda alimpa ishara Bakema. Sluijter aliingia na aproni yake mkononi, na juu ya meza ya wadhamini polisi aliweka karatasi ya misumari sita, kisha ule ubao wa mwaloni. Hasebroek alisimama. Alimtazama Sluijter, akakaa, akasimama tena.

"Sitasema lolote bila wakili," alisema.

"Unaye," Wiarda alimjibu. "Mchukue, Bakema."

Yaliyofuata yalikuwa ya wadhamini. Bwana Oosterling alichana azimio vipande viwili, akatafuta pa kuvitupa, akavitia mfukoni. Alisema nyumba namba saba haikuwa na neno. Alisema kanuni ya kumi na nne ingetazamwa upya Jumatatu ya kwanza ya Desemba, na Bi Hillegonda akasema wangekuja kusikiliza, wakiwa wamekaa.

Bi Aaltje hakusikia hata moja kati ya hayo. Alikuwa ameinama juu ya mwaloni, miwani imeshuka puani. Kidole chake kilipita kwanza pale juu palipokwanguliwa.

"Maritgen Jans," alipanguza vumbi la msasa. "Lysbeth Cornelis. Aechtje wa Weesp. Hawa ninao, hawajaenda mahali."

Kidole kikashuka, jina kwa jina, mpaka kwa Trijntje Pouwels, kikasimama. Chini yake palikuwa na jina limelala upande, limeandikwa kwa mkono uliotetemeka.

"Geesje Harms," alisema. Akalirudia polepole, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. "Geesje Harms, 1823. Huyu hapa."

Alinyoosha mkono bila kuinua kichwa. "Inspekta, penseli."

Mbao zote mbili, ya zamani na ile mpya, zilikuwa ushahidi, na kwa miaka ishirini na sita Wiarda hakuwahi kumruhusu mtu aguse ushahidi. Alitoa penseli yake, akaichonga kwa kisu, akampa. Kisha akaigeuza ile fremu, akaishika mezani isitikisike, wakati Bi Aaltje akiandika kwenye nafasi aliyokuwa ameiacha, na herufi zake akazilaza upande.